Tisa Si Tasa

Anayeandika programu husifiwa. Anayekaa na mwanafunzi kumsaidia kusaka kosa hasifiwi na mtu, na wengi hudhani kazi yake ni kuliona upesi na kulisahihisha. Ufundi wake, kwa maoni yangu, ni kuliona upesi kisha kunyamaza.

Nilimwona fundi wa namna hiyo Likoni, katika chumba cha ghorofani chenye feni moja, huku makanga chini wakiita abiria wa Ukunda. Mwanafunzi wake, binti aliyekwisha kumaliza kidato cha nne, alikuwa ameandika mistari michache ya Python ya kutafuta namba tasa kuanzia 1 hadi 20. Skrini ikatoa 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15, 17, 19.

“Mwalimu, imekubali!”

“Hebu nisomee moja moja, mwanangu.”

Kwenye 9 akasita. Tatu mara tatu. Kisha 15 nayo ikamkera. Iliyomchelewesha ni ile isiyokuwepo: 2 ilikuwa imepotea.

Mwalimu hakugusa kibodi. Alimpa karatasi na kalamu, akamwambia, “Sasa wewe ndiwe kompyuta. Usifikiri ulitaka nini, fuata ulichoandika.” Binti akagawanya 9 kwa 2, ikabaki 1. Mstari uliofuata ulisema kwamba ikiwa kuna baki, basi namba ni tasa. Kwisha! Zamu ya 3 haikufika. Hukumu ilikuwa imewekwa ndani ya mzunguko, ikatolewa baada ya jaribio la kwanza tu, ndiyo maana kila namba witiri kuanzia 3 ilipita. Na 2? Mzunguko huanzia 2 na kukoma kabla ya namba inayopimwa, hivyo kwa 2 haukupiga hata hatua moja, na programu haikujibu ndiyo wala la.

Fundi mzuri wa malori kule Changamwe hashiki spana kabla hajaisikiliza injini. Huyu naye alisikiliza, na akamfundisha mwenziwe kusikiliza. Jibu sahihi lipo kwenye simu ya kila mtu na kulinakili ni kazi ya dakika moja, lakini anayelinakili hatajua kwa nini 9 iliingia.

Dawa ilikuwa kuusogeza mstari wa hukumu kushoto, utoke nje ya mzunguko. Basi. Katika Python, lugha aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, nafasi iliyoachwa mwanzoni mwa mstari hubeba maana, na wageni wengi hujikwaa hapo. Binti akaendesha tena: 9 ikatoka, 15 ikatoka, 2 ikarudi, na 1 ikaingia! Awali 1 nayo ilikosa jibu kama 2, kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa limelifunika la pili. Mwalimu alicheka kwa furaha, na nadhani hicho ndicho kipimo cha mpenzi wa kazi hii. Sharti moja likaongezwa juu: chochote kilicho chini ya 2 si tasa.

Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo aliyefanya kazi Alexandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alizisaka namba tasa kwa njia nyingine: katika orodha ya namba aliziacha 2, 3, 5 na nyingine za aina hiyo, akafuta vigawe vyao, zilizobaki zikawa tasa. Binti yeye alibaki na njia yake ya kugawanya, akataka tu programu yake iende mbio. Hakuna haja ya kujaribu vigawo vinavyopita kipeuo cha pili cha namba. Kwa 97 inatosha kufika 9. Ila mzunguko wa Python hukoma hatua moja kabla ya kikomo ulichoupa. Usipoongeza 1, utaziona 9 na 25 zikijiita tasa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiandika programu ya namba tasa, ijaribu kwa 1, 2, 9 na 25 kabla hujamwita mtu aje kuitazama.