Katedrali ya Beauvais, kanisa lisilo na merikebu

Anayesoma juu ya makanisa ya zamani ya Ulaya hakosi kukutana na jina la Beauvais, mji wa Ufaransa, kaskazini ya Paris. Vitabu vinataja kwanza kipimo: dari ya mawe ya katedrali ya Mtakatifu Petro inafika karibu metre 48 juu ya sakafu, na hakuna kanisa lingine la namna ya gotiko ambalo dari yake juu ya altare inapita hiyo. Kisha zinafuata sifa, na mara nyingi habari inaishia pale. Sisi tunataka kuuliza neno moja linalopitwa upesi: je, waamini walipaswa kusimama wapi?

Maana kanisa hili halina navis. Wanaojifunza Kilatini wanalijua neno hili: ni merikebu, na ndilo jina la sehemu ndefu ya kanisa wanamokaa watu, toka mlango mkubwa hadi mbele ya altare. Beauvais ina sehemu ya altare, tena ina mikono miwili ya msalaba, wa kaskazini na wa kusini. Upande wa magharibi, pale ambapo merikebu ilipaswa kuanza, kuna ukuta. Nyuma ya ukuta lingali limesimama kanisa dogo la mwisho wa karne ya 10, lililojengwa kwa mawe madogo ya majengo ya Waroma wa kale. Linaitwa Basse-Œuvre, yaani kazi ya chini. Lilipaswa kubomolewa lote ili kuachia nafasi lile jipya. Wakabomoa upande mmoja, na upande mwingine unabaki mpaka leo, kwani nafasi yake haikuhitajiwa tena.

Mambo yalianza mwaka 1225, baada ya moto kuharibu kanisa la kwanza. Askofu Milon de Nanteuil akaanzisha kazi, na mafundi wakaanza mashariki, penye altare. Hapo hatuwalaumu. Ilikuwa desturi ya watu wengi: jenga kwanza mahali pa sadaka, wakanoni waimbe masifu yao, na wakati huo watu waendelee kusali katika sehemu ya zamani. Mwaka 1272 sehemu ya altare ikawa tayari. Kuta zake ni karibu vioo vitupu. Uzito wa dari unachukuliwa na mikono ya mawe inayoegemea kwa nje, kama vile mtu anavyotegemeza nyumba kwa miti. Kwa uzuri, hatujui jengo lingine la mawe linaloonekana jepesi hivi.

Mwaka 1284, baada ya miaka 12 tu, dari ilianguka. Wataalamu wangali wanabishana juu ya sababu: wengine wanasema nguzo zilikuwa mbali mno mmoja na mwenziwe, wengine wanataja upepo unaosukuma kuta ndefu namna ile. Namna walivyotengeneza inaonekana kwa macho. Kati ya kila nguzo mbili waliingiza nguzo nyingine, na matao yaliyokuwa mapana yakawa membamba. Anayeingia leo anaona safu ya nguzo zilizosongamana, na wengine wanadhani ndiyo mipango ya kwanza. Kumbe ni kovu. Sisi tunaona kwamba kovu hilo limelizidishia kanisa nguvu ya kuvuta macho juu. Lakini ni uzuri uliopatikana kwa bahati, na fundi wa kwanza asisifiwe kwa ajili yake.

Matengenezo yalikula miaka mingi. Halafu ikaja vita ya Ufaransa na Uingereza, toka 1337 hadi 1453, na tauni ya 1348. Mpaka mwaka 1500 hakuna kilichoongezwa cha maana. Mwaka ule fundi Martin Chambiges alianza mikono miwili ya msalaba, nayo ikamalizika katikati ya karne ya 16.

Hapa ndipo penye shauri lenyewe. Fedha ilipatikana tena, na kazi mbili zilikuwa mbele yao: kujenga merikebu ya waamini, au kuinua mnara juu ya makutano ya msalaba. Walichagua mnara. Ulimalizika mwaka 1569, wa mawe chini na wa mbao juu, na kimo chake kilifika metre 153.

Mnara ule ulisimama juu ya nguzo nne kubwa. Mashariki, nguzo zilishikwa na sehemu ya altare. Kaskazini na kusini zilishikwa na mikono ya msalaba. Magharibi hapakuwa na kitu. Merikebu isiyojengwa ndiyo ingalikuwa egemeo lao. Mafundi waliopima waliona nguzo zinainama, wakashauri upande ule uimarishwe, wakubwa wakakawia. Tarehe 30 Aprili 1573, siku ya Kupaa Bwana, watu walikuwa wamekwisha kutoka kwa maandamano, na nyuma yao mnara ukaanguka.

Wahubiri wanapenda kufananisha habari hii na mnara wa Babeli. Mfano ni rahisi, nasi hatuupendi. Unafanya ajabu ya jambo lenye sababu wazi: mahali pa watu palikuwa ni kiungo cha jengo, na kiungo hicho kilikosekana. Tena unawasingizia mafundi waliokuwa wamesema kweli.

Mtu atatujibu kwamba tunahukumu watu wa zamani kwa sheria ya sasa, maana Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika Konstitusyo ya Liturjia ya mwaka 1963, ndio ulioagiza makanisa mapya yafae kwa ibada na kwa waamini kushiriki. Sivyo. Twende Amiens, mji usio mbali na Beauvais, miaka ile ile. Kazi ilianza mwaka 1220, tena ilianza na merikebu. Sehemu ya altare ilifuata. Dari yake ina metre 42 na kidogo, na kanisa zima lina urefu wa karibu metre 145. Hata huko hawakukosa taabu: mwisho wa karne ya 15 nguzo za makutano zilianza kupinda, wakafunga kuta kwa mnyororo wa chuma. Lakini waliweza kufunga, kwa sababu kila upande ulikuwa na kuta za kufungia. Wale wa Beauvais nao walitaka merikebu. Iliingia katika mipango yao wenyewe. Tunawapima kwa mipango hiyo tu.

Baada ya 1573 walitengeneza dari ya makutano, wakaanza kidogo sehemu ya kwanza ya merikebu, kisha wakaacha. Fedha haikuwapo tena. Mnara haukujengwa mara ya pili.

Katedrali bado inahitaji kushikwa. Katika miaka ya 1960 walitoa vyuma vilivyounganisha mikono ya mawe kwa nje, wakidhani havina faida tena. Kumbe upepo ukatikisa jengo zaidi, ikabidi kuweka vyuma vingine. Ndani pia, katika mkono wa kaskazini, waliweka mihimili mikubwa ya mbao. Wageni wengine wanalalamika kwamba inaharibu sura. Sisi twaona inasaidia kusoma jengo sawasawa.

Lakini picha nyingi za vitabu hupigwa kuelekea mashariki na juu, kwenye vioo na dari. Atakayepata nafasi ya kufika, akisha kuinua macho na kumsifu Mungu, ageuke nyuma autazame ule ukuta wa magharibi, kisha azunguke nje aingie Basse-Œuvre. Dari yake ni ya mbao, madirisha yake ni madogo. Imezidi miaka 1000, na haikuanguka.