Kadhi Aliyerudi Kazini

Kitabu cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki nilikisoma Nyamisati, nikingoja maji yajae chombo cha Mafia kiondoke. Kilipigwa chapa Unguja mwaka 1944, kikatolewa tena Mombasa mwaka 1972. Ndugu msomaji, atakaye kujua shekhe gani wa pwani alisoma kwa nani, na akamsomesha nani, aanzie hapo.

Mimi nilikwama kwa Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Alikuwa kadhi wa Sayyid Barghash. Wakakosana, naye mwaka 1885 akaondoka Unguja, akafika hadi Istanbul. Alirejea mwaka 1888, Barghash amekwisha kufa, akashika tena ukadhi mpaka alipofariki mwaka 1925. Waingereza nao wana Thomas Becket, waziri wa mfalme Henry wa Pili, aliyefanywa askofu mkuu mwaka 1162, akagombana na bwana wake, akakimbilia Ufaransa. Yeye alirudi mfalme yu hai, akauawa kanisani mwake Canterbury mwaka 1170. Huyo katungiwa michezo ya kuigiza. Wetu alirudi salama, akatungiwa sifa.

Na sifa, kwa adabu zote, ndilo kosa la kitabu. Zinamfunika mtu. Nataka kumwona sayyid siku ya kwanza aliporudi barazani, anamtumikia ndugu wa yule aliyemkimbia. Na baada ya 1890, Mwingereza akiwa juu yao wote, alihukumu vipi? Farsy angeweza kutueleza kazi hiyo inavyomla mtu, maana tangu 1968 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na chapa ya Mombasa ilitoka yumo kazini. Akanyamaza.

Nina sababu ya kuuliza. Niliwahi kuwa karani wa baraza moja la usuluhishi huku delta. Katika kesi ya shamba la mpunga, mkubwa mmoja aliniamuru niandike kwamba mlalamikaji hakufika, ilhali mzee wa watu amekaa mbele yangu, kofia mkononi. Niliandika. Kesho yake nilirudi kazini, na kesho kutwa, mpaka nikastaafu.

Mzee yule bado yu hai. Hukutana naye Kibiti, siku za gulio. Nikimwamkia shikamoo, huitikia taratibu: "Marahaba, karani."