Mitungi ya Mganga

Machakos tunaijua hesabu ya mtungi wa lita 20. Bomba likikauka, mtu huamua mapema: huu wa kupikia, ule wa kufulia. Nikimweleza mchezaji mgeni jinsi uchawi ulivyosukwa upya katika Dungeons & Dragons, naanzia hapo, kwani mageuzi ya miaka 50 yamezunguka swali moja: uamuzi wa matumizi unafanywa lini?

Mchezo huu ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukiwa na fani tatu tu za wahusika: mpiganaji, kasisi na mtu wa uchawi. Huyu wa tatu mezani kwetu tunamwita mganga. Ukambani mũndũ mũe anayetibu na kupiga ramli si mũoi anayedhuru, na jina baya humpotosha mchezaji kabla hajarusha dadu.

Mganga wa 1974 alifuata mtindo wa hadithi za Jack Vance, The Dying Earth, za mwaka 1950: ndumba unaikariri, ukiitamka inafutika akilini. Kila mtungi uliandikwa kazi yake tangu alfajiri. Wa ngazi ya kwanza alikuwa na ndumba moja kwa siku nzima. Akikariri ya kulaza maadui, kisha wakutane na mlango uliofungwa, hana msaada.

Toleo la 2014 lilifuta maandishi hayo. Mganga bado huchagua orodha yake baada ya kulala, lakini nafasi zake za kutumia ndumba sasa ni maji tu. Ndumba yoyote ya orodha huteka mtungi wowote unaoitosha. Mpira wa moto ukitoka nafasi ya daraja la tatu hupiga kwa dadu 8 za pande sita. Ukitoka ya nne, dadu 9. Ndumba ndogo hazihitaji mtungi kabisa. Ni kisima cha kwenye mchanga wa mto: unateka kadiri utakavyo.

Uhuru huo ungemfanya mganga mfalme wa meza, kama si kanuni ya kumakinika, ambayo kwangu ndiyo marekebisho bora kuliko yote. Katika toleo la 2000 mtu aliweza kupaa, kutoonekana na kuongezewa kasi kwa wakati mmoja. Sasa ndumba nyingi za kudumu hushikwa moja tu kwa wakati. Mganga akijeruhiwa hurusha dadu, naye lazima afikie 10 au nusu ya madhara aliyopata, ipi iliyo kubwa. Akishindwa, ndumba inakatika. Hapo mpiganaji anapata kazi ya maana: kusimama mbele yake.

Toleo la 2008 lilikuwa limejaribu dawa nyingine. Kila fani ilipewa mbinu za wakati wote, za kila pambano na za kila siku. Usawa ulipatikana, lakini wengi waliona mpiganaji na mganga wanateka mitungi ileile. Ugonjwa ulitambuliwa sawasawa. Dawa ndiyo ilizidi. Mwaka 2014 fani zikatenganishwa kwa muda wa kujaza: mhusika aliyefunga mkataba na nguvu za ulimwengu mwingine ana nafasi chache zinazorudi baada ya mapumziko ya saa moja, wakati mganga husubiri mapumziko ya saa 8.

Udhaifu umebaki kwenye mapumziko hayo. Kikosi kikilala baada ya kila pambano, mitungi ya mganga haipungui kamwe. Mwongozo wa msimamizi wa mchezo wa 2014 unatoa njia: mapumziko mafupi yawe saa 8, marefu siku 7. Sisi tumeyafunga kwa mahali. Nafasi zote hurudi pale tu kikosi kinapofika kwenye bwawa la mchanga, kama yale ya mito yetu ya msimu. Safari imekuwa na uzito, na mganga anafikiri mara mbili kabla ya kuchoma sungura kwa mpira wa moto.

Wewe unayesimamia meza, badilisha kanuni ya mapumziko kwanza, kabla hujagusa ndumba hata moja.