Hajalipa si Hakulipa

Kodi ya nyumba nalipa kwa kusoma programu za wengine, na shida kubwa ninayoiona kwenye Java inayopita mkononi mwangu hapa Shieywe ni majina. Programu inafanya kazi poa kabisa, lakini majina yake yanadanganya.

Chukua ile ya chama kimoja cha watu wa boda boda, niliyoletewa niirekebishe. Kila dereva alikuwa na `paid`, yenye hali mbili tu: kweli au si kweli. Mwisho wa mwezi, kila mwenye "si kweli" alitupwa kwenye orodha ya `defaulters`, ikasomwa mbele ya mkutano. Msee aliyejiunga juzi, siku yake ya kuchanga hata haijafika, akasomwa pamoja na waliokwepa nusu mwaka. Kelele zilizofuata, wacha tu.

Kiswahili kingelinusa tatizo hilo mapema. "Hajalipa" inaacha mlango wazi, "hakulipa" imeufunga. Ukilazimika kuchagua moja, utauliza: siku yake imefika? Java yenyewe haina ubaguzi, inakubali hata majina ya Kiarabu. Basi `paid` nikaiita `amelipa`, nikaongeza `mudaUmepita`, na orodha ikawa `waliochelewa`: wasiolipa na muda umewapita, basi.

Mwongozo wa Sun Microsystems wa miaka ya 1990, ambao wengi wetu tunaufuata bila kuusoma, unataka jina liwe fupi lakini lenye maana. Sawa. Ila maana kwa nani? `amelipa` ni sentensi nzima: nani, lini, kafanya nini. Hata wingi wetu unakaa mbele. `rider` na `riders` zinaachana mkiani, ambako jicho lililochoka halifiki. `Dereva` na `madereva` zinaachana mlangoni.

Kubadilisha jina kuna mitego, lakini. Kihariri hubadilisha kila linapotumika ndani ya programu, ila hakigusi safu ya hifadhidata inayoitwa `paid`. Hiyo nimeiacha. Wadi yetu yenyewe kwenye karatasi za uchaguzi ni Sheywe, kwingine Shieywe. Sisi tunafika tu. Java ingehesabu mitaa miwili.

Orodha mpya inafanya kazi. Karani wa chama, akiisoma, bado anaanza: "Hii ndiyo list ya ma-defaulter."