Shuti la Aziz Ki: Kamera Ilisimama Wapi?

Tarehe 5 Aprili 2024, katika dimba la Loftus Versfeld mjini Pretoria, Stephane Aziz Ki wa Yanga aliachia shuti kali kipindi cha pili. Mpira ukagonga upande wa chini wa mtambaa panya, ukadunda jirani na mstari wa goli, ukarudi uwanjani. Yanga wakadai goli. Chumba cha VAR kikapitia picha, mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania akaamuru mchezo uendelee, na dakika 90 zikamalizika bila bao. Kwa kuwa mkondo wa kwanza jijini Dar es Salaam nao uliisha kwa suluhu, ikabidi kupigiana matuta. Mamelodi Sundowns wakashinda 3-2 na kutinga nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Usiku ule ule mashabiki waligeuka wachambuzi wa video. Kipande cha sekunde chache kilipunguzwa kasi, kikakuzwa, kikagandishwa, kikachorwa mistari myekundu na ya njano. Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, walikuwa na picha yao inayoonyesha mpira uko ndani. Watani wao wa jadi, wa Simba, walikuwa na yao inayoonyesha haujaingia. Vijiweni ubishi haukuisha, na hadi leo ukilitaja shuti lile mbele ya shabiki wa Yanga, ataitoa simu mfukoni.

Kazi ile ilistahili heshima kuliko iliyopewa, kwa sababu watu walikaa kutafuta ushahidi badala ya kutukana tu. Tatizo ni kwamba karibu kila mmoja aliuliza picha inaonyesha nini kabla ya kuuliza kamera ilisimama wapi. Swali hilo la pili ndilo linaloamua kama la kwanza lina jibu.

Sentimita 11 zinazosahaulika

Tuanze na sheria. Kanuni ya 10 ya mchezo inataka mpira wote uwe umevuka mstari wote, kati ya milingoti na chini ya mtambaa panya. Mzingo wa mpira ni sentimita 68 hadi 70, yaani kipenyo chake ni karibu sentimita 22. Mstari wa goli unapaswa kulingana upana na milingoti, usizidi sentimita 12, na wote ni sehemu ya uwanja.

Mpira unapodunda, unagusa nyasi kwa eneo dogo la chini, lakini tumbo lake limetokeza kama sentimita 11 kila upande. Kwa hiyo ili liwe goli, pale ulipogusa nyasi lazima pawe angalau sentimita 11 nyuma ya ukingo wa ndani wa mstari. Ukiona mpira umetua kwenye nyasi za kijani, nyuma kabisa ya chokaa, na katikati pana nafasi ya vidole vinne, bado si goli. Tumbo la mpira lingali linaning'inia juu ya mstari. Anayechora mstari wake kuanzia pale mpira unapogusa nyasi ameshajipa sentimita 11 za bure kabla hajaanza kupima.

Pembe inayodanganya

Kosa kubwa zaidi liko kwenye pembe ya kamera. Abiria aliyekaa kiti cha mbele cha daladala akitazama mshale wa spidi kutoka pembeni anasoma namba tofauti na anayoisoma dereva, ingawa mshale ni ule ule. Hiyo ni kwa sababu mshale haujalala juu ya namba. Umeinuka kidogo. Mpira ulio hewani nao haujalala juu ya mstari wa goli, na anayeutazama kutoka upande mmoja anauona umehamia upande wa pili.

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme kamera imewekwa jukwaani usawa wa mstari wa 18, yaani mita 16.5 kutoka mstari wa goli, kwenye kimo cha mita 15. Mpira ukiwa umeinuka sentimita 20 tu kutoka ardhini, kamera hiyo itauonyesha kana kwamba umesogea ndani ya goli kwa sentimita 22 zaidi ya ulipo kweli. Hicho ni kipenyo cha mpira mzima. Kamera kuu ya katikati ya uwanja, iliyo mita 52.5 kutoka mstari wa goli, inadanganya kuliko hapo. Kwa kimo kile kile cha kamera na mpira ule ule, kosa linafika karibu sentimita 70.

Mwelekeo wa kosa nao una kanuni. Kamera iliyo upande wa uwanjani huusukuma mpira ndani ya nyavu. Kamera iliyo nyuma ya goli huuvuta mpira utoke. Ndiyo maana mashabiki wawili, kila mmoja na picha yake halisi isiyochezewa, wanaweza kubishana hadi alfajiri na wote wawili wakawa wanasema kweli kuhusu wanachokiona. Picha nyingi tulizoziona baada ya mechi ile zilitoka upande wa uwanjani, upande unaompendelea anayetaka goli. Hiyo haina maana kwamba mpira haukuingia. Ina maana kwamba picha ya namna hiyo peke yake haiwezi kuwa shahidi.

Kuna lahaza moja tu ambapo pembe inapoteza nguvu ya kudanganya: mpira unapogusa nyasi. Hapo sehemu yake ya chini iko kwenye usawa mmoja na chokaa, na unaweza kupima kutoka pembe yoyote kisha ukaweka zile sentimita 11. Hata hapo utakuwa unakisia kidogo, maana ukitazama kutoka juu, tumbo la mpira linaificha sehemu inayogusa ardhi. Lakini kisio hilo ni bora kuliko picha ya mpira ulio hewani. Anayetaka kuchambua kwa haki aitafute fremu hiyo.

Fremu nne za safari nzima

Kuipata si rahisi. Matangazo ya televisheni huku kwetu na Afrika Kusini huonyesha picha 25 kamili kwa sekunde. Kila fremu ni sekunde 0.04. Mpira ulioporomoshwa na mtambaa panya kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde husafiri sentimita 60 kati ya fremu moja na inayofuata. Kutoka mtambaa panya, ulio mita 2.44 juu ya ardhi, hadi kwenye nyasi ni safari ya fremu tatu au nne hivi. Mguso wenyewe wa mpira na ardhi ni mfupi kuliko fremu moja, kwa hiyo mara nyingi utaangukia katikati ya fremu mbili: moja inauonyesha mpira ukishuka, nyingine ukipanda. Fremu ambayo mtu ameikuza na kuizungushia duara jekundu yaweza kuwa kabla ya mdundo au baada yake, na mwenyewe asijue.

Kisha kuna safari ya kipande chenyewe. Kimerekodiwa kwa simu mbele ya televisheni kwenye kibanda umiza, kikatumwa WhatsApp, kikapakuliwa, kikatumwa tena. Kila mara kinabanwa ili kiwe chepesi, na ubanaji huanza kula kingo za vitu. Mpira mweupe na mstari mweupe vinayeyukiana. Ukikikuza huongezi taarifa hata chembe. Unakuza kisio la programu kuhusu rangi zilizopotea.

Kurudi uwanjani si ushahidi

Hoja moja waliyoishikilia sana wapinzani wa goli ilikuwa hii: mpira ungekuwa umeingia, ungebaki nyavuni. Hoja hiyo ni dhaifu. Mpira unaokwenda mbele ukigonga upande wa chini wa mtambaa panya, msuguano huurudisha nyuma upande wake wa juu, na mpira huanza kujiviringisha kinyumenyume. Ukitua ukiwa na mzunguko huo, nyasi zinausukuma urudi ulikotoka. Mpira uliodundia ndani kabisa unaweza kutoka wenyewe bila kipa kuugusa.

Dunia iliona hilo Bloemfontein tarehe 27 Juni 2010, Uingereza ilipocheza na Ujerumani kwenye Kombe la Dunia. Shuti la Frank Lampard liligonga mtambaa panya, likadunda ndani waziwazi, likarudi nje. Mwamuzi Jorge Larrionda wa Uruguay na msaidizi wake hawakuona kitu, matokeo yakabaki 2-1, na Ujerumani wakaja kushinda 4-1. Kwa hiyo mdundo wa kurudi hauthibitishi chochote, si kwa Yanga wala kwa Sundowns.

Wanaopima hasa hufanya nini

Kuna mfano wa uchambuzi uliofanywa kwa utulivu. Bao la Geoff Hurst kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 1966, Uingereza dhidi ya Ujerumani Magharibi, nalo liligonga mtambaa panya na kudunda. Lilikubaliwa. Miaka 30 baadaye, wahandisi wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Ian Reid na Andrew Zisserman, waliichukua filamu ya zamani na kuipima kwa jiometri. Walitumia picha za kamera tofauti za tukio lile lile pamoja na vipimo vya goli vinavyojulikana, kisha wakakokotoa mpira uko juu ya sehemu gani ya ardhi. Jibu lao: ulipungukiwa na angalau sentimita 6 kuvuka wote.

Shabiki hahitaji maabara ya Oxford kujifunza mawili hapo. Kwanza, pembe mbili za lahaza moja ni bora kuliko pembe moja iliyokuzwa mara kumi. Pili, kila mstari unaochorwa lazima ufuate kitu chenye kipimo: mita 7.32 kati ya milingoti, mita 2.44 za kimo, na ukingo wa ndani wa chokaa. Mstari uliochorwa kwa kidole kwenye kioo cha simu unafuata macho ya mwenye simu.

VAR ilisema nini hasa

Vijiweni watu waliuliza sana kwa nini mwamuzi hakwenda kutazama mwenyewe kwenye runinga ya pembeni. Utaratibu hutofautisha mambo ya tafsiri, kama mkono au ukali wa rafu, na mambo ya uhakika, kama mpira kuvuka mstari au kuotea. Haya ya uhakika kwa kawaida humalizwa na chumba cha VAR. Na chumba hicho hubadilisha uamuzi wa uwanjani pale tu ushahidi unapokuwa wazi.

Kwa hiyo "hakuna goli" ya Pretoria haikuwa tangazo kwamba imethibitishwa mpira haukuingia. Ilikuwa tangazo kwamba uthibitisho wa kutosha wa kubadili uamuzi haukupatikana. Mashabiki wa pande zote mbili waliisoma vibaya: wa Yanga kama dhuluma iliyothibitishwa, na watani kama hukumu iliyothibitishwa.

Chombo cha kumaliza ubishi huo kipo. FIFA ilianza kutumia teknolojia ya mstari wa goli mwaka 2012 na ikaipeleka kwenye Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil. Mfumo mmojawapo, Hawk-Eye, una kamera 14, saba kwa kila goli, na humtetemeshea mwamuzi saa mkononi ndani ya sekunde moja. Januari 2019 uliamua kwamba mpira aliouokoa John Stones wa Manchester City dhidi ya Liverpool ulibakiza kama milimita 11 tu. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuona hivyo. Nao si malaika. Juni 2020, Aston Villa dhidi ya Sheffield United, kipa Ørjan Nyland aliingia na mpira golini, kamera zote saba zikazibwa na kipa, beki na mlingoti, na saa ya mwamuzi ikakaa kimya. Hata mfumo huo, basi, unategemea kamera inaona nini kutoka ilipo.

Loftus Versfeld siku ile hapakuwa na teknolojia hiyo. Hapo ndipo lilipo lalamiko ambalo Yanga wanaweza kulitetea mbele ya mtu yeyote, akiwemo shabiki wa Simba. Kusema "lilikuwa goli" kunahitaji picha ambayo hatujaletewa. Kusema kwamba robo fainali ya mashindano makubwa kuliko yote ya klabu barani iliachwa iamuliwe kwa picha zisizoweza kupima sentimita 11 hakuhitaji mstari mwekundu wowote.

Lalamiko la namna hiyo halisubiri filimbi ya mwisho. Mahali pake ni kikao cha kabla ya mechi, na klabu yoyote ya Tanzania inayofika hatua hiyo iwe na mtu wa kuuliza mapema: kuna kamera iliyofungwa sawasawa na kila mstari wa goli? Inapiga picha ngapi kwa sekunde? Chumba cha VAR kitaipata moja kwa moja? Kamera mbili za kusimama tu, moja kila goli, ni gharama ndogo mno ukilinganisha na mfumo wa kamera 14.

Na wale wenye video simuni waendelee kuchambua, ila wairudishe nyuma zaidi ya shuti moja. Dakika 180 zilipita bila nyavu kutikisika, na kwenye matuta ni mikwaju miwili tu ya Yanga iliyozaa bao. Sehemu hiyo ya filamu haina utata wa pembe, na ndiyo ambayo kocha anaweza kuifanyia kazi Jumatatu asubuhi.