Mitungi Iliyofudikizwa ya Bura

Mtu akitazama katika makumbusho kichwa cha udongo kutoka Bura, chenye uso bapa na chanjo za mistari, hudhani kuwa ana sanamu kamili mbele yake. Kumbe mara nyingi alichonacho ni kipande cha juu tu cha mtungi wa kaburi, na hicho cha juu, ajabu yake, ndicho kitako.

Bura iko kusini magharibi mwa Niger. Maziara yake yalijulikana mwaka 1975, na mwaka 1983 Boubé Gado na wenziwe kutoka Niamey wakayachimbua, wakakuta mamia ya mitungi imesongamana ardhini, mirefu kama bomba na mingine ya mviringo, kazi ya watu walioishi hapo tangu karne ya 3 Miladia hadi yapata karne ya 13. Kila mtungi ulikuwa umefudikizwa, mdomo chini na kitako juu. Ndani mlikuwa na mifupa kidogo ya binadamu, vyembe vya mishale vya chuma na ushanga, na maiti wenyewe walilazwa chini zaidi.

Hapa ndipo ustadi unapodhihirika. Mfinyanzi, ambaye hakutumia gurudumu bali mikono yake, alitia nakshi za kuchanja, za vitone na za alama za kamba, kisha juu ya kitako akajenga kichwa, au mtu mzima, au mpanda farasi mwenye vikuku mikononi, na farasi wake kavishwa hatamu zilizopambwa kwa uangalifu usiokuwa wa kubahatisha. Ukiusimamisha mtungi huo kwa desturi ya mitungi, mpanda farasi huyo ataning'inia kichwa chini. Basi ni dhahiri, kwa rai yangu, kwamba chombo hiki hakikuwa cha maji kilichoazimwa jikoni siku ya msiba, bali kilikusudiwa kaburi tangu donge la kwanza la udongo.

Baada ya maonyesho yaliyofanywa Paris mwaka 1993, bei ilipanda na wezi wakaingia kazini. Wao huchukua sanamu, na mtungi wakauvunja na kuutupa pamoja na vyembe vyake. Baraza la Kimataifa la Makumbusho limeziorodhesha sanamu za Bura miongoni mwa vitu vilivyo hatarini kuibwa, nalo limefanya vyema; lakini farasi aliyekwisha kuuzwa hatuelezi tena alisimama juu ya mifupa ya nani, wala mishale mingapi ilizikwa naye.