Uhusiano wa Msuko na Dhamira katika Tanzia ya Mfalme Edipode

Sehemu hii inahakiki uhusiano wa msuko na dhamira katika tanzia ya Sophocles ambayo Samuel S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode (1971). Ufundishaji wa fasihi madarasani umezoea kuigawa kazi katika fani na maudhui, kisha kuorodhesha dhamira moja baada ya nyingine. Kwa utaratibu huo, dhamira inayotajwa kwanza huwa ni kwamba binadamu hawezi kuyakwepa majaliwa yake. Dai hilo si la uongo, ila linatokana na hadithi, si na msuko.

Kihadithi, utabiri unatangulia, Laius anauawa kwenye njia panda, kisha Oedipus anamwoa Jocasta bila kujua kuwa ni mama yake. Hata hivyo, matukio hayo yote yamekwisha kutokea kabla ya tamthilia kuanza. Kinachotendeka jukwaani ni uchunguzi. Tauni inaiangamiza Thebes, Creon analeta agizo kutoka Delphi kwamba muuaji wa Laius aondolewe nchini, naye Oedipus anamlaani muuaji huyo hadharani. Hadhira iliyoijua hadithi tangu awali haikungoja kuambiwa nani aliua. Ilingoja kuona mfalme atajuaje. Hapo ndipo kinaya cha tamthilia kinapopata nguvu yake.

Msuko huu unajengwa juu ya kukataliwa mara tatu. Tiresias anakataa kusema, akalazimishwa. Jocasta, baada ya kumsikia mjumbe wa Corinth, anamsihi mumewe aache kuuliza, akapuuzwa. Mchungaji mzee anaficha alijualo, akatishiwa mateso. Kila mmoja anampa Oedipus nafasi ya kutojua, na kila mara anaikataa.

Aidha, swali lenyewe linabadilika njiani. Mwanzoni ni la umma: nani alimuua Laius? Baada ya ujumbe wa Corinth linakuwa la nafsi: mimi ni mwana wa nani? Swali la kwanza liliagizwa na Apollo. La pili halikuagizwa na yeyote. Yapo majaliwa katika kuua na kuoa, lakini uamuzi wa kujua ni wa Oedipus mwenyewe.

Huenda ikapingwa kwamba Tiresias anatabiri hata upofu wa mfalme, hivyo majaliwa yanatawala hadi mwisho. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, tamthilia yenyewe inalijibu: baada ya kujitoboa macho, Oedipus anaeleza kuwa Apollo ndiye aliyemletea masaibu, bali mkono uliopiga ulikuwa wake. Anatenganisha kilichompata na alichokitenda, jambo ambalo orodha ya dhamira hailionyeshi.

Mtazamo huu unagusa pia dhana ya Aristotle ya hamartia, ambayo mara nyingi hufafanuliwa kuwa dosari ya tabia. Maana yake iko karibu zaidi na kukosea shabaha. Hasira ya Oedipus kwa Creon na Tiresias ni dhahiri, lakini si hasira hiyo inayomfikisha kwenye ukweli. Kinachomfikisha ni ile bidii ya kuuliza iliyowahi kuiokoa Thebes alipofumbua kitendawili cha Sphinx. Sifa inayomfanya astahili ufalme ndiyo inayomwondoa katika ufalme. Kumfundisha kama mkosefu aliyeadhibiwa ni kuipunguza tanzia iwe hekaya ya maonyo.

Kwa jumla, uchambuzi umebainisha kwamba dhamira kuu ya tamthilia hii ni gharama ya kujua, na kwamba dhamira hiyo haionekani pale msuko unapochukuliwa kuwa muhtasari wa matukio tu. Kwa hiyo, mwalimu angeanza na swali la kwa nini matukio yamepangwa yalivyopangwa, ndipo aulize yanafundisha nini. Mgawanyo wa fani na maudhui unafaa kama hatua ya uchambuzi. Ukigeuzwa kuwa mwisho wake, humwachia mwanafunzi majibu sahihi ya tamthilia ambayo hajaisoma.